Redio, Picha na Kikundi

Imekuwa desturi siku hizi, inapoanzishwa kampeni ya kuhifadhi mazingira, kuhesabu kwanza vyombo: mabango mangapi, vipindi vingapi vya redio, filamu ngapi za kutazamwa katika simu. Sisi twaona kwamba wingi huo si hoja. Lililo muhimu ni vyombo hivyo kupangwa hata vikasema neno moja, kila kimoja kikitenda kazi ambayo kingine hakiiwezi.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa majuma 12, watu wapatao 2,000,000 walikusanyika katika vikundi Tanzania nzima. Redio iliwaita wote kwa wakati mmoja. Kijitabu kilibaki mkononi redio ilipozimwa, maana sauti hupita, na ambaye hakusikia vyema hana pa kurudia. Picha zilimsaidia ambaye kusoma kwake ni kwa shida. Hata vitambaa vilipigwa chapa ya kampeni, vikashonwa magauni na mashati, ujumbe ukawa unatembea sokoni kwa miguu yake. Lakini hayo yote yalikuwa matayarisho. Kazi yenyewe ilifanyika pale kiongozi wa kikundi, mmoja wa maelfu waliofunzwa mapema, alipouliza: Je, hapa kwetu mambo yakoje, nasi tutafanya nini juma hili? Ndipo vyoo vikachimbwa na madimbwi yakafukiwa. Mwaka 1980 njia hiyohiyo ilitumiwa kwa ajili ya misitu, katika kampeni ya Misitu ni Mali.

Yalinganishwe hayo na yanayotendeka mara nyingi leo. Ofisi moja husimamisha bango kando ya barabara kuu. Ofisi nyingine hutangaza jambo jingine redioni, saa ambayo mkulima yu shambani. Filamu nzuri hutengenezwa, ikaonyeshwa hotelini kwa watu ambao walikwisha kukubali zamani. Na picha zenyewe! Mchoma mkaa wa Handeni akionyeshwa dubu mweupe juu ya barafu, labda atamhurumia, lakini hataona kwamba habari ile yamhusu yeye na tanuri lake. Aonyeshwe kijito cha kijiji chake kilivyokuwa na kilivyo sasa, naye ataanza kubishana.

Hatuvidharau vyombo vipya. Mwaka 2019 jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa takataka za plastiki na kuvikwa vipande vya kandambili, lilisafiri hadi Unguja, likitia nanga njiani ili watu walione, waliguse na kuuliza. Filamu na picha zake zilienea mbali kwa sababu kulikuwa na kitu cha kweli cha kupigwa picha. Simu nayo yaweza kuwa redio, kijitabu na picha kwa pamoja, na zaidi ya hayo kikundi chaweza kurudisha jibu, jambo ambalo redio ya mwaka 1973 haikuliweza. Ila simu hutazamwa na mtu peke yake, na msitu wa kijiji haulindwi na mtu peke yake.

Kwa hiyo twawaomba wanaotayarisha kampeni za kupanda miti wapunguze fedha za mabango, wazipeleke katika kuwafunza viongozi wa vikundi vijijini kabla mvua za masika hazijaanza.