Seva mpya, Kiswahili kimekwenda wapi?

Jamani, juzi nilipandisha toleo la programu kwenye seva ya chama kimoja cha akiba cha kina mama, Msambweni. Sijafika nyumbani Diani, mweka hazina akanipigia: “Mwanangu, kompyuta imegeuka Mzungu!” Vitufe vya “Hifadhi” na “Futa” vilikuwa sasa “Submit” na “Remove”. Akabahatisha. Michango ya mwezi ikatoweka! Bahati nilikuwa na nakala.

Chanzo ni hiki: programu ile hutumia gettext, ambayo hutafuta tafsiri kwa kutumia maneno ya Kiingereza kama ufunguo. Watengenezaji wakibadilisha hata nukta, ufunguo haulingani tena. Tafsiri ya zamani inaachwa nje, Kiingereza kinajitokeza.

Mtasema ni kasoro ndogo. Ndogo kwa nani? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwa mama yule lugha si pambo, ndiyo usukani.

Waandishi wa programu wenzangu, kagueni tafsiri kwenye seva ya majaribio kwanza. Haijakamilika? Msipandishe. Mimi nimeshakoma.

Natoa hoja.