Unataka Ndai ya Miaka ya 80? Chanuka Kabla Chapaa Yako Iishie Grogan

Cheki TikTok yako leo. Kati ya video za nganya na za wasee wa Subaru, lazima utakutana na Toyota DX ya boksi. Imeshushwa hadi karibu ibusu lami, rimu ni pana, na namba ni ile ya zamani, herufi tatu mbele na nyuma hakuna kitu. Kwa komenti watu wanauliza kitu moja tu: "Buda, unauza?"

Swali ni poa, lakini kuna lingine linafaa kutangulia: hiyo ndai itakukula ngapi baada ya kuinunua? Juu kama unataka kuvunja akiba yako ya miaka mitatu, ama kuchukua loni ya sacco, hii si stori ya kupiga luku tena. Hapo unacheza na maisha yako. Wacha tupige hesabu pamoja.

Hii homa ilitoka wapi?

Sehemu moja ni damu yetu. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara nne mfululizo na Datsun, 1979 hadi 1982. Kisha Toyota Celica Twincam Turbo ikabeba 1984, 1985 na 1986. Mzee wako akianza stori za Safari, hizo ndizo ndai anaziona kwa akili. Na tangu WRC irudi Kenya 2021, kila mwaka mbogi inashuka Vasha kula vumbi na kurudi na ndoto za gari.

Sehemu ingine ni Japani. Katuni ya Initial D ilianza kuchapishwa 1995, na ikafanya Corolla AE86 ijulikane dunia nzima. Hiyo AE86 ilitengenezwa kati ya 1983 na 1987, ina injini ya 4A-GE ya 1,600cc yenye valvu 16, na inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kuzipata ni noma. Sasa hapa ndipo DX inaingia. Chesisi ya AE86 imetokana na ukoo wa Corolla E70, na hiyo E70 ndiyo mtaani tunaita DX. Ni binamu wa damu, ila huyu binamu alibaki ocha.

Lakini usidanganywe na video. Hata AE86 yenyewe ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 130 hivi. Forester XT ya 2013 ina 280. Ukienda kushindana Thika Road, mama wa watu akitoka sokoni na Forester yake atakupita na hatajua mlikuwa mnashindana. Raha ya ndai ya 80 iko kwa wepesi wake na venye unaiskia barabara mikononi. Kama unataka spidi tupu, umekosea duka.

Mlango wa Japani umefungwa

Hapa ndipo siasa inaingia kwa bei. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kwa mwaka wa 2025, gari la kuingia lilifaa kuwa la 2018 kuja juu. Hata majirani wamekaza. Uganda ilifunga mlango kwa magari yaliyozidi miaka 15 mwaka 2018. Marekani nayo imeenda kinyume, gari likifikisha miaka 25 linaingia bila stori mob, ndiyo maana Wamarekani wamefagia ndai nyingi za zamani huko Japani.

Maana yake kwako ni rahisi. DX zenye ziko Kenya saa hii ndizo hizo tu. Kila moja inayogongwa ama kuuzwa skrapu, hakuna ingine inakuja. Kwa hivyo bei haifuati tena hali ya gari, inafuata uhaba. Muuzaji anajua, na ndiyo maana atakuitisha doh ya gari zima kwa kitu chenye hakiwezi toka geti.

Anza na karatasi, si injini

Namba za KAA zilianza 1989. Gari lenye namba ya zamani lilisajiliwa hapa kabla ya hapo, na watu wanalipenda kwa hiyo sababu. Shida ni kwamba umri wa namba huja na umri wa mwenye gari. Ndai nyingi za aina hii ziko kwa jina la guka aliyefariki, na mjukuu ndiye anauza. Bila stakabadhi za korti za kusimamia mali ya marehemu, hiyo gari haiwezi kuhamia kwa jina lako. Itakaa kwako, utaitengeneza, kisha shangazi mmoja atatokea na wakili.

Kwa hivyo fanya utafiti wa rekodi kwa eCitizen kabla utoe hata shilingi. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile ziko kwa logibuku. Kama injini ilibadilishwa na NTSA haikuambiwa, hiyo ni kesi umenunua.

Na mtu akikuambia ni AE86, soma kibao chenye namba chini ya boneti. Kuna ndugu yake anaitwa AE85, bodi ni ile ile lakini injini ni ya 1,500cc yenye nguvu kidogo. Kubandika stika ni mia mbili, kwa hivyo stika isikupumbaze.

Kutu na ndoto ya kubadilisha injini

Injini iliyokufa inabadilishwa. Bodi iliyooza ni kilio. Inua kapeti uone sakafu, angalia mahali shoki za mbele zinashikilia, fungua buti utoe spea. Beba sumaku ndogo; ikikataa kushika bodi, chini ya rangi kuna fila, si chuma.

DX nyingi zilikuja na injini ya 4K ya 1,300cc yenye kabureta. Ni mnyonge, lakini fundi yeyote wa Grogan anaijua. Ndio sasa unaskia, "Tupa hiyo, weka 4A-GE." Sawa, lakini skiza. 4A-GE nyingi zilifungwa kwa Corolla za kuvutwa na magurudumu ya mbele. Kuigeuza ikae kwa DX unahitaji giaboksi tofauti, pampu ya mafuta yenye presha, nyaya zote na kompyuta yake, rejeta kubwa, na breki za kusimamisha hiyo nguvu. Wengi humaliza doh kabla ya kufika kwa breki. Hapo umetengeneza jeneza lenye sauti tamu.

Hesabu ya kila mwezi

Tuseme unaendesha kilomita 30 kwa siku, siku 20 kwa mwezi. Hiyo ni kilomita 600. Kwa jam ya Nairobi, ndai ikikupa kilomita 9 kwa lita, utachoma lita 67. Petroli ikiwa Sh180, umeshatoa Sh12,000. Ndani ya hiyo, ushuru wa barabara peke yake ni Sh25 kwa kila lita, ulipanda kutoka Sh18 mwaka 2024.

Ongeza bima. Makampuni mengi huweka kikomo cha umri kwa bima kubwa, kwa hivyo utabaki na ile ya kulipia mwenye umegonga. Yako ikiibiwa, ni yako na Mungu. Halafu weka kando ya spea kila mwezi, hata kama hakuna kimeharibika, juu kitaharibika.

Na usisahau 2024. Mswada wa Fedha ulitaka kila gari lilipiwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, isipungue Sh5,000 na isizidi Sh100,000. Mayut walipiga kelele hadi ikatolewa. Lakini serikali ikikosa doh, mwenye gari hukumbukwa haraka.

Kwa hivyo uwache?

Hapana. Nunua, lakini kwa mpango. Gawa bajeti yako mara mbili: nusu ya kununua, nusu ya kutengeneza. Kama doh yote inaishia kwa muuzaji, hiyo ndai bado si yako. Tafuta yenye bodi safi hata kama injini ni ya 4K ya guka, iendeshe hivyo mwaka mzima, kisha ndio ufikirie nguvu. Na isiwe gari lako la pekee la kuenda job, juu siku itakataa kuwaka itakuwa Jumatatu.

Magari haya yamebaki machache, na wazee wenye waliyatunza wanaenda. Ni sisi tutaamua kama yataonekana barabarani ama yatapimwa kwa kilo kwa skrapu. Sasa tuambie: ukipewa laki tano leo, unachukua DX ya guka ama Demio yenye haitakusumbua?