Milango miwili siku moja: nani alikula hasara ya sinema?

Tarehe 3 Desemba 2020 kampuni ya Warner Bros. ya Marekani ilitangaza kwamba filamu zake zote 17 za mwaka 2021 zitatoka kwenye majumba ya sinema na, siku ileile, kwenye HBO Max, huduma yake ya kutazama filamu kwa njia ya intaneti. Kwa muda wa siku 31, Mmarekani aliyelipa usajili wake wa mwezi angeweza kutazama filamu mpya akiwa kwenye kiti cha nyumbani, bila kununua tiketi. Wenye majumba ya sinema walisikia habari hiyo pamoja na watu wote. Waongozaji na waigizaji wengi wa filamu hizo nao waliisikia hivyohivyo, wakati kazi yao ilikuwa imekwisha na mikataba yao imetiwa sahihi. Kosa lilianzia hapo, na kosa hilo halikuletwa na virusi vya korona.

Watetezi wa Warner wanasema kampuni haikuwa na njia nyingine. Majumba yalikuwa yamefungwa, watu walikuwa wanakufa, na filamu zilikuwa zinakaa kabatini huku riba ya mikopo ikipanda. Hayo yote ni kweli. Lakini mtu ambaye nyumba yake inaungua hapewi ruhusa ya kuuza mbuzi wa jirani. Sehemu kubwa ya pesa za Dune na za Godzilla vs. Kong ilitoka kwa kampuni ya Legendary, si kwa Warner peke yake. Christopher Nolan, aliyekuwa ametengeneza filamu na Warner kwa karibu miaka 20, alisema wazi kwamba watu walilala wakiamini wanafanya kazi na kampuni kubwa kuliko zote za filamu, wakaamka na kukuta wanafanya kazi kwa huduma mbaya kuliko zote za intaneti. Denis Villeneuve, mwongozaji wa Dune, aliandika kwamba uamuzi huo haukuonyesha upendo wowote kwa sinema wala kwa watazamaji. Baadaye magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba Warner ilitoa zaidi ya dola milioni 200 kuwatuliza watu waliopoteza sehemu yao ya mapato. Asiye na deni halipi namna hiyo.

Ili kuelewa hasara hiyo, lazima kufuata njia ya pesa ya tiketi. Huko Marekani mtu akinunua tiketi, karibu nusu inabaki kwa mwenye jumba na nusu inaenda kwa kampuni ya filamu, na katika majuma ya kwanza kampuni huchukua zaidi. Mwenye jumba anaishi kwa bisi na soda anazouza mlangoni kuliko kwa tiketi yenyewe. Waigizaji na waongozaji wakubwa nao huwa na mikataba inayowapa nyongeza filamu ikifikisha kiasi fulani cha mapato ya tiketi. Sasa filamu inapowekwa kwenye intaneti siku ya kwanza, tiketi zinapungua, bisi hazinunuliwi, na ile nyongeza haifikiwi. Usajili wa HBO Max ulikuwa karibu dola 15 kwa mwezi, nyumba nzima ikitazama. Watu watano wakienda sinema, kwa tiketi ya wastani ya zaidi ya dola 9, wanatoa zaidi ya dola 45. Zile 30 zilizobaki mfukoni mwa familia hazikulalamikiwa na familia, na hilo linaeleweka. Lakini hata zile 15 zilienda kwa kampuni moja tu, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni senti ngapi kati ya hizo zililetwa na filamu ipi. Huo ndio ujanja wa usajili: unafanya hesabu ya kazi ya mtu isionekane tena.

Wako wanaojibu kwamba mapato ya mwaka 2021 yalianguka kwa sababu ya korona, si kwa sababu ya intaneti. Kama ni hivyo, waangalie juma moja tu la Desemba 2021. Tarehe 17 ya mwezi huo Spider-Man: No Way Home ilitoka kwenye majumba ya sinema peke yake. Aina mpya ya virusi, Omicron, ilikuwa inaenea kwa kasi. Filamu hiyo ilikusanya dola milioni 260 kwa siku tatu za kwanza katika Marekani na Kanada, na mwishoni ikafikisha karibu bilioni 1.9 duniani kote. Siku tano baadaye Warner ilitoa The Matrix Resurrections kwa milango miwili. Virusi vilikuwa vilevile, majumba yaleyale, sikukuu ileile ya Noeli. Ilipata chini ya dola milioni 160 duniani kote. Ni kweli pia kwamba wengi hawakuipenda Matrix hiyo, na kwamba Spider-Man ana mashabiki hata kwa watoto wasiojua kusoma. Lakini pengo la zaidi ya mara kumi haliwezi kubebwa na ladha peke yake. Kampuni ya Village Roadshow, iliyotia pesa zake katika Matrix, haikusubiri kufundishwa: Februari 2022 iliishitaki Warner mahakamani.

Mfano wa pili ni wa Disney, na una aibu yake. Black Widow ilitoka tarehe 9 Julai 2021 kwenye sinema na kwenye Disney+, ambako mtu alilipa dola 30 juu ya usajili wake. Jumapili yake Disney ilijisifu kwamba imepata dola milioni 60 mtandaoni, pamoja na milioni 80 za majumba ya Marekani na Kanada. Sifa hizo hazikudumu hata juma moja. Mwisho wa juma wa pili mapato ya majumba yaliporomoka kwa karibu theluthi mbili, na wenye majumba wakasema wazi kwamba sababu ni ile milango miwili. Tarehe 29 Julai mwigizaji Scarlett Johansson alienda mahakamani, akidai kwamba mkataba wake ulitegemea mapato ya sinema na kwamba kampuni ilimhujumu ili ikuze huduma yake ya intaneti. Disney ilijibu kwa kutangaza hadharani kwamba alikuwa amekwisha kulipwa dola milioni 20, na kwamba hajali mateso ya watu wakati wa korona. Kampuni ambayo hufunika mahesabu yake usiku na mchana ilifunua mshahara wa mwanamke mmoja ili imtie haya! Tarehe 30 Septemba pande mbili zilitangaza kwamba zimepatana. Mtu asimlilie sana Johansson, ana pesa za kumlipa wakili. Wa kulilia ni yule anayekata tiketi mlangoni, anayefagia bisi chini ya viti, ambaye hakuna mahakama iliyosikia jina lake.

Kuna jambo lingine ambalo wakubwa wa Hollywood walilijua wakalifumbia macho. Zamani filamu mpya ikiibwa, iliibwa na mtu aliyeingia na kamera ndani ya jumba. Picha inatetemeka, kichwa cha mtu kinapita mbele, kicheko cha watazamaji kinafunika maneno. Filamu ilipowekwa kwenye intaneti siku ya kwanza, mwizi alipata nakala safi kabisa siku ileile. Wakaaji wa Kivu hawahitaji kuelezwa mambo haya na wataalamu. Kwenye vibanda ambako mtu analipa franka kidogo apakiwe filamu kwenye kadi ya simu au kwenye flashi, nakala safi hufika upesi, na kisha DJ anaweka maneno yake ya Kiswahili juu yake. Kijana wa kibanda hicho si adui wa Hollywood. Hakuna Disney+ iliyomfikia kwa bei anayoiweza, intaneti yenyewe inanunuliwa kwa megabaiti, na umeme unakuja ukitaka. Lakini ni ajabu kuona makampuni yanapiga kelele juu ya wizi wakati ni wao wenyewe walioufungua mlango.

Hapo ndipo inakuja hoja nzito kuliko zote za upande wa pili, na haifai kuirukia. Wanasema sinema ni anasa ya watu wa mjini, na kwamba intaneti inawafikia maskini, wagonjwa, akina mama wenye watoto wachanga, watu waliohama makwao. Familia inayolala chini ya hema haina jumba la sinema, basi kwa nini imlilie mwenye jumba? Jibu ni kwamba familia hiyo haikuwahi kuwa kwenye hesabu ya HBO Max. Huduma hiyo haikufunguliwa kwa ajili ya Kongo, na mpango wa mwaka 2021 ulihusu watu wa Marekani. Maskini aliitwa kama shahidi katika kesi ambayo hakualikwa kwenye karamu yake. Na kitu ambacho watu waliohama wanakijua kuliko wengine ni hiki: mahali pa kukaa pamoja pakifungwa, kurudi kwake ni kazi. Kinshasa ilikuwa na majumba mengi ya sinema. Mengi yakageuzwa kuwa makanisa, na watoto waliozaliwa baadaye walikua bila kujua kwamba hapo palikuwa na kioo kikubwa. Huko Hollywood kwenyewe, Aprili 2021 ilitangazwa kwamba majumba ya ArcLight hayatafunguliwa tena, pamoja na lile la duara la Cinerama Dome, lililosimama tangu 1963. Korona ndiyo iliyoyaangusha. Milango miwili iliyachukulia yaliyobaki ngazi ya kuinukia.

Wapinzani wanaleta pia Five Nights at Freddy's ya Oktoba 2023. Ilitoka kwa milango miwili na bado ikakusanya dola milioni 80 katika Marekani na Kanada kwa mwisho wa juma wa kwanza. Ni mfano mzuri na hakuna sababu ya kuuficha. Ilikuwa filamu ya bei ndogo, iliyotokana na mchezo ambao vijana wanaujua kwa moyo, na vijana walitaka kuitazama wakiwa kundi. Lakini juma la pili mapato yake yalianguka kwa zaidi ya robo tatu. Filamu ya bei ndogo inaweza kuishi kwa siku tatu. Jumba la sinema halilipi kodi ya mwaka mzima kwa siku tatu.

Makampuni yenyewe yametoa hukumu, ingawa kwa sauti ya chini. Kufika 2022 Warner ilikuwa imerudi kuyapa majumba siku 45 kabla ya intaneti, na The Batman ikapata zaidi ya dola milioni 750. Paramount, iliyokataa kuitupa Top Gun: Maverick mtandaoni na ikaisogeza mbele kwa karibu miaka miwili, ilivuna karibu dola bilioni 1.5. Dune ya kwanza, ya milango miwili, ilipata karibu milioni 400. Ya pili, ya sinema kwanza, ikapita milioni 700 mwaka 2024. Nolan alihamia Universal na Oppenheimer yake, akarudi na zaidi ya milioni 900 na Oscar saba. Warner ilimpoteza kwa kutaka wasajiliwa.

Wenye vyumba vya video vya mitaa ya Goma, Bukavu na Uvira wangeweza kuwaeleza wakubwa hao haya yote bila mashine ya hesabu. Mwenye chumba anajua kwamba filamu ambayo kila kijana anayo tayari kwenye simu haimletei mtu, hata DJ akipiga kelele namna gani. Anajua pia siku gani mabenchi yanajaa mpaka watoto wanasimama dirishani: ni siku ya mpira wa Ulaya, mechi inayochezwa mara moja tu, saa moja tu, na asiyefika ameikosa. Siku hiyo ananunua petroli ya jenereta bila kuogopa.