Mugunga: kabla ya kumchapa kijana, tuulize nani analeta sapilo

Katika kata ya Mugunga, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Sake, sapilo inauzwa pembeni ya pipi na biskuti. Kipakiti hicho cha plastiki kinaingia mfukoni, hakihitaji firigo wala glasi, na mtoto mwenye franka chache anakinunua bila kuulizwa umri.

Kukitokea wizi usiku, kidole kinaelekezwa kwa maibobo, motari na wabeba mizigo, eti ni walevi na wavuta bangi. Wanakamatwa, wanachapwa, wanaachiliwa. Kesho yake wanakunywa tena. Kwa maoni yetu, msako wa namna hii unashika mkia na kuacha kichwa.

Tufanye hesabu. Chupa ya Primus ya santilita 72, yenye nguvu ya asilimia 5, ina mililita 36 za alkoli. Kipakiti cha mililita 100 cha pombe ya asilimia 40 kina mililita 40. Chupa watu wanaweza kuigawana kwa saa nzima. Kipakiti mtu mmoja anakimeza mara moja, tumbo likiwa tupu. Na pombe iliyotengenezwa kwa kificho inaweza kuwa na metanoli, sumu inayopofusha macho na kuua.

Ni kweli pia kwamba watu hawanywi bure tu. Mugunga ilipokea wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, kisha wakimbizi wa ndani wa Masisi na Rutshuru, vita baada ya vita. Tarehe 3 mwezi wa tano 2024 mabomu yaliangukia kambi zao, watu wengi wakafa. Mwezi wa pili 2025, baada ya M23 kuteka Goma, kambi zilibomolewa. Benki zilifungwa, na kazi ikawa shida. Mkulima aliyeacha shamba lake Masisi anashinda bila kazi. Pombe inamsahaulisha kwa saa moja, halafu jioni mke na watoto ndio wanalipa: kwa kipigo, na kwa pesa ya unga iliyokwisha.

Hata mama anayepika kanyanga mara nyingi anatafuta chakula na pesa ya shule. Ukimwaga mtungi wake bila kumuonyesha njia nyingine, wiki ijayo atawasha moto tena. Lakini sapilo haipikwi na yule mama. Inatoka kiwandani, inapakiwa kwenye gari, inapita vizuizi na kuwekwa depo. Wanaotoza kodi njiani na sokoni hawawezi kusema hawaioni.

Majirani walianzia hapo. Tanzania ilipiga marufuku viroba tarehe 1 mwezi wa tatu 2017. Uganda ilifuata mwaka 2019, ikaamuru pombe kali isiuzwe katika chombo cha chini ya mililita 200. Ulevi haukwisha, lakini pombe ya bei ya pipi ilianza kuondolewa mbele ya watoto. Shirika la Afya Duniani, OMS, nalo linashauri hivyo: kupandisha bei na kupunguza mahali pa kuuzia.

Tunaomba mambo matatu. Wanaotawala mji leo wafunge mlango wa sapilo kwenye depo za wauzaji wakubwa, kabla ya kugusa kijana wa barabarani. Viongozi wa nyumba kumi na wazazi wakatae butike kuuzia watoto pombe, hasa karibu na shule. Na aliyezoea pombe au bangi apelekwe kwa waganga kama mgonjwa. Goma ina kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, na kazi hiyo inahitaji kuungwa mkono hadi kwenye vituo vya afya vya kata.

Fimbo haijaponya mlevi hata mmoja. Mugunga imepoteza watoto wa kutosha kwa risasi na mabomu. Isipoteze wengine kwa kipakiti cha plastiki.