Kubuni Kutangulie Kanuni: Fundisho la Puto la Hali ya Hewa

Somo la kanieneo ya hewa aghalabu huanza kwa kanuni ubaoni na kukomea daftarini. Sisi tunaonelea kuwa utaratibu huo umepinduliwa. Mwanafunzi apewe kwanza kazi ya kubuni, kisha kanuni ije kumtatulia shida aliyokwisha kuiona mwenyewe.

Tuchukue mfano wa puto lipandishalo angani vyombo vya kupimia joto, unyevu na kanieneo. Tulipokuwa Zombo, wilayani Kilosa, kwa mazoezi ya kufundisha, tuliuliza darasa: puto hilo lijazwe gesi kiasi gani kabla ya kurushwa? Karibu wote walijibu kwamba lijazwe hadi likaze. Hatukuwasahihisha. Tulitia kiputo chenye hewa kidogo ndani ya bomba kubwa la sindano, lisilo na sindano yenyewe, tukaziba mdomo wake kwa kidole na kuvuta pistoni. Kiputo kikavimba machoni pao. Wakatambua kwamba kwenye kimo cha kilomita 30 hivi, ambako kanieneo ni kama sehemu moja tu ya mia ya ile ya usawa wa bahari, puto lililokazwa tangu chini lingekwisha kupasuka zamani.

Hapo maswali yakawa yao. Vyombo viwe na uzito gani? Itumike haidrojeni, ambayo huwaka upesi, au heliamu, ambayo ni ghali? Puto likipasuka, mzigo utashukaje bila kumdhuru mtu?

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya mataifa tajiri. Lakini mwaka 1908 Wajerumani Berson na Elias walirusha maputo Afrika Mashariki, likiwamo eneo la Ziwa Viktoria, wakagundua pepo za magharibi katika anga la juu sana. Anga letu liliufundisha ulimwengu. Kwa nini lisiwafundishe watoto wetu? Tena Kilosa haijasahau mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010. Vipimo vya maputo ni miongoni mwa misingi ya utabiri wa mvua, na asiyejua utabiri unavyopatikana ni vigumu kuuamini unapomtaka ahame bondeni.

Twajua kwamba muda ni mfupi na mtihani unangoja. Hata hivyo, walimu wenzetu, kipindi kimoja cha kubuni si kipindi kilichopotea. Kanuni iliyotafutwa na mwanafunzi mwenyewe haihitaji kukaririwa.