Plake ya jua haifuti deni ya umeme

Ndugu raia, vijana wenzetu wa Bukavu,

Niko na diplome ya chuo kikuu, lakini kazi yangu ya kila asubui ni kuchunga plake ya jua isiibwe. Ni ya wati 10. Naitega mbele ya nyumba, naigeuza kufuata jua, telefone naificha kivulini isichemke. Wingu likipita, kushariji kunasimama. Siku ya mvua ni kulipa franka 500 kwa mwenye jenereta, kama ziko.

Kisha wakubwa wanapita, wanatusifu: vijana wanajua kujitegemea! Hapana. Tunajitafutia juu tumeachwa.

Ruzizi inapita hapa chini, na barrage yake ya kwanza inatoa umeme tangu miaka ya 1950. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile ya kutengeneza betri, inachimbwa Congo. Na sisi tunangojea jua litoke ili tuite mama kwa telefone!

Hatukatai plake. Tunakataa iwe jibu la serikali. Wati 10 haziendeshi mashine ya kusaga, hazilindi chanjo kwenye friji ya santé.

Wametuzoesha artikle 15, ile ya mtaani: kila mtu ajipange. Sisi tunadai artikle 48, ile ya Katiba ya 2006: umeme ni haki.

Depite akikuja kuomba kura, muulize: artikle 48 itafika lini kwenye avenyu yetu?

Jua ni ya Mungu. Umeme ni deni ya serikali. Ilipe!