Mshahara Mnono Ukikataliwa



Kutoka Hasamba hadi Tunduma si safari ya kumshinda kijana. Akifika Vwawa hushika barabara kuu iendayo Zambia, na muda si mrefu yuko penye foleni ya malori, maghala, maduka ya kubadili fedha na ofisi za mawakala wa forodha. Huko, ajuaye hesabu na kuandika vizuri aweza kuahidiwa ujira unaozidi sana posho ya katekista au mshahara wa mhudumu wa zahanati. Hatuwalaumu waendao. Kahawa ya Mbozi huleta fedha baada ya mavuno, lakini ugonjwa hauna msimu.

Leo twataka kunena habari za yule aliyeitwa asiende. Huyu hana mtetezi katika vijiji vyetu. Akisema kwamba mama yake mgonjwa hana mwingine wa kumwangalia, au kwamba hataki watoto wake wakue bila kumwona baba isipokuwa Krismasi, ukoo huitisha kikao. Mjomba huuliza kama kijana amerogwa. Fedha alizozikataa huhesabiwa mbele yake kana kwamba zilikuwa zimekwisha kuingia mfukoni mwa ukoo, kisha yeye akaziiba.

Yafaa basi kukumbuka kwamba taifa hili linamheshimu mtu aliyefanya jambo la namna hiyo. Mwaka 1945 Julius Nyerere alimaliza masomo ya ualimu Makerere. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alikuwa amefariki mwaka 1942, na kijana msomi alikuwa tegemeo la nyumbani. Shule mbili za Tabora zilimtaka. Moja ilikuwa shule ya serikali, alikosoma yeye mwenyewe. Nyingine ilikuwa Mtakatifu Maria, shule ya Wamisionari wa Afrika, ambako Padre Richard Walsh alimwomba aje kufundisha. Serikali ilimwandikia ikimweleza ubora wa mshahara wake, na kumwonya kwamba miaka atakayofundisha misheni haitahesabiwa katika pensheni. Barua hiyo iliyokusudiwa kumvuta ndiyo iliyomwondolea kusita: akaenda Mtakatifu Maria. Mwaka 1955 alikabiliwa na uchaguzi mwingine, mgumu zaidi, pale alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu wa Pugu na kazi ya TANU. Aliacha ualimu, na mshahara pamoja nao, akarudi Butiama na familia yake changa.

Tusidanganyane kwa mfano huu. Si kila anayekataa kazi ana sababu njema. Wako wanaoogopa ugeni, na wako wavivu wanaojificha nyuma ya mama mgonjwa huku maji wanamchotea dada zao. Tena, wako waume wanaokataa kwa niaba ya wake zao. Mwanamke akipata nafasi ya kazi, naye mume akaikataa bila kumsikiliza, hapo hakuna sadaka, kuna dhuluma. Mwenye haki ya kukataa ni yule aliyeitwa, baada ya kuzungumza kwa uwazi na wale watakaoishi na upungufu huo. Mke asigundue mwezi wa Januari, watoto wakidai madaftari, kwamba mumewe aliikataa kazi mwezi wa Septemba.

Lakini liko jambo zito kuliko hayo, nalo latuhusu sisi viongozi wa walei. Mtu akichagua kubaki na kazi ya ujira mdogo kwa sababu anaipenda jamii yake, mwajiri hapati kwa uchaguzi huo ruhusa ya kumpunja. Hata hivyo ndivyo inavyotokea. Mwalimu wa chekechea anaambiwa kazi yake ni wito. Mlinzi wa usiku anaambiwa atalipwa na Mungu, na anayemwambia hivyo ameshika ufunguo wa sanduku la fedha. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba ujira wa haki ni ule unaotosha kuanzisha na kutunza familia ipasavyo, na kuiwekea akiba ya kesho. Kanisa haliwezi kuwadai wenye viwanda na mashamba kipimo hicho, likajisamehe lenyewe vigangoni.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili yaingizwe katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo na ya halmashauri za vigango kabla ya mavuno yajayo ya kahawa. Kwanza, wazee wakubali kumsikiliza aliyekataa kazi ya mbali kabla ya kumhukumu, na wamwulize ni msaada gani anaouhitaji ili uamuzi wake usiwalaze watoto njaa. Pili, kila kigango kiandike bayana kinamlipa nini katekista, mlinzi na mwalimu wa chekechea, tarehe gani, na kwa miezi mingapi hakijawalipa. Hesabu hizo zisomwe hadharani siku ya Dominika, pamoja na hesabu za sadaka, nao wanaodai wawepo wakati zinaposomwa.